Hakuna Aliyeniuliza Jina

4 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote, wewe na wifi na watoto, na kwamba yale madawati ya shule bado hayajakutoa roho. Mama macho yake vipi? Mwambie nimefika salama, nakula vizuri, na sweta aliyonilazimisha kubeba nimeivaa kweli, maana hapa asubuhi ukungu unaingia mpaka mifukoni.

Sasa usikasirike. Niliwaaga kwamba nakwenda ziwani, lakini siko ziwani. Niko kwenye ule mji ambao kila nikiutaja wewe hukunja uso na kusema una maradhi. Nimefundisha jiografia miaka ishirini na sita, Kaka, na kila mwaka nimeuchora ubaoni: mto unapinda hapa, mnara huu hapa, makumbusho pale. Niliapa nikipata likizo ndefu nitauona kwa macho yangu.

Basi nimeuona, na kwa kweli nimeona milango yake tu, tena ikiwa imefungwa.

Nilitoka stesheni na kikaratasi chenye anwani za nyumba tatu za wageni, zote za kiwango cha mwalimu. Dereva wa teksi alinitazama kwenye kioo, akatazama tena, akawasha gari kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia, "Baba, hujaniuliza niendako." Akasema, "Napajua." Alinishusha mbele ya nyumba ya ghorofa mbili nyuma ya mnara, nyumba ambayo kwenye karatasi yangu haimo, akanitolea mkoba, akakataa nauli. Nikasema moyoni, haya, mji wa wakarimu.

Mwenye nyumba ni mama mnene, funguo kiunoni. Hakunipa daftari niandike jina. Alichomoa ufunguo mmoja, akauweka juu ya kaunta, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyemtilia mbwa chakula. Chumba kiko juu, dirisha moja, linatazama ukuta wa mnara. Godoro limebonyea katikati, bomba linakohoa tu hadi saa nne asubuhi, na kabatini mna viatu vya mtu. Nilipolalamika alijibu, "Kila kitu tumekiacha kama kilivyokuwa." Kana kwamba hilo ndilo nililolitaka!

Ila mnarani ndiko nilikofura kwa hasira. Nilipanga foleni kama watu. Mkata tiketi, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinyanyua kichwa na mkono wake ukabaki hewani. Akasema polepole, "Reli tumeshaitengeneza. Wiki ile ile tuliitengeneza." Nikamwambia nataka tiketi, habari za reli sizijui. Akashusha pazia. Walio nyuma yangu wakahamia dirisha la pili, wakauziwa. Nilipohamia mimi, na la pili likafungwa. Makumbusho nako, "Leo hatufungui," huku naona kwa macho yangu watoto wa shule wanaingizwa kwa mlango wa pembeni.

Hebu niambie, Kaka, nina uso wa mwizi?

Mdogo wako.


22 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imelala siku tatu kwenye meza ya kazi kabla sijaijibu. Nisamehe. Mbao walizoniletea ni mbichi, nikipiga randa zinatoa maji, na mwalimu mkuu wako anataka madawati jana. Wifi yako anakusalimu. Mwanangu wa kwanza amepata mchumba. Bado hajatuambia, lakini anaoga mara tatu kwa siku.

Mama hajambo. Macho ni yale yale, ila masikio yamezidi ukali. Sikumsomea barua yako. Nimemwambia ziwani kuna samaki wengi.

Sitakulaumu. Lakini nisikilize. Hama nyumba hiyo. Ikiwezekana panda treni urudi, hiyo likizo utaimalizia hapa ukimkuna Mama mgongo. Mji wenye watu wasio na adabu wa nini? Na kama kuna mtu hapo atakuita kwa jina lisilo lako, usiitike. Pita tu.

Kaka yako.


6 Julai

Kaka,

Shikamoo, na mchumba mpeni pole, yule kijana wako ni mvivu.

Nimejaribu kuhama. Nyumba ya kwanza walisema wamejaa, na funguo nazihesabu ukutani zote zinaning'inia. Ya pili msichana wa mapokezi alikwenda kumwita bosi wake, hakurudi yeye wala bosi. Nilisimama hapo saa nzima na mkoba wangu. Nikarudi kwenye godoro langu lililobonyea, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuweka ufunguo juu ya kaunta.

Nikuambie jambo moja, usinicheke. Lile bonde la godoro linanitosha. Nikilala ubavu wangu wa kushoto, goti linaingia mahali pa goti na bega mahali pa bega. Halafu viatu vya kabatini. Nilivijaribu kwa uchokozi tu. Vinanikaa. Na kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje, kama ninavyovila mimi vyangu, pale pale ulipokuwa ukinigongea bati nikiwa shule.

Juzi niliingia mkahawani saa nne asubuhi, jua limewaka, watu wamejaa. Nilipoketi, meza ya jirani wakanyanyuka na vikombe vyao. Mhudumu hakuniuliza kitu. Akaleta chai bila sukari na kipande cha limau, akaitua ukingoni mwa meza, akaondoka kinyumenyume. Kaka, ni nani mwingine duniani unayemjua anayekunywa chai hivyo?

Jana nilikwenda bustani ya mto. Hakuna tiketi pale, nikajua leo nitaona kitu. Mlinzi, mtu mzima, bonge la mtu, aliponiona alivua kofia akaanza kulia. Hakutoa sauti. Machozi tu. Nikamuuliza, "Nimekukosea nini?" Akasema, "Wewe hujanikosea. Sisi ndio." Akanipa kisogo.

Ninatembea mji huu kama mtu aliyejipaka masizi. Wananiona wote, na hakuna hata mmoja anayeniuliza jina langu. Wewe pekee ndiye umetaja habari za jina. Umesema nisiitike. Ulidhani wataniita nani?

Mdogo wako.


19 Julai

Kaka,

Sikusubiri jibu lako. Salamu kwa wote.

Leo mchana niliketi kwenye ngazi za nje za mnara kwa sababu miguu ilikataa. Kuna mwanamke anauza kadi za picha pale, mfupi, mdomo wake hauna mlango. Alinizunguka kama anayekagua mbuzi, akanishika kidevu bila kuomba ruhusa.

"Wewe si yeye," akasema. "Yeye alikuwa na kovu hapa. Nimewaambia tangu juma la kwanza, huyu hana kovu, lakini nani anamsikiliza muuza kadi?"

Nikauliza, "Yeye nani?"

Akanishika mkono akaniingiza ofisi ya tiketi kwa mlango wa nyuma. Mle ndani walikuwa wanakula. Wote wakasimama. Ukutani, juu ya birika la chai, kuna picha yenye utepe mweusi kwenye pembe. Mwanamke amesimama mlangoni pa mnara, mkono mmoja kiunoni, anacheka. Kaka, nilijitazama nikicheka mahali ambapo sijawahi kufika, nimevaa sare nisiyoijua.

Alikuwa mtembeza wageni. Miaka kumi na tisa amepandisha watu mnara huo, na makumbusho, na bustani ya mto, ndiyo maana kila mlango wa mji huu unanijua. Wageni walimwita Bi Ngazi. Alipanga chumba kile kile ninacholala. Dereva wa teksi alikuwa akimrudisha nyumbani siku za mvua. Mwezi wa tatu alikuwa anawashusha wageni, reli ya ngazi ikang'oka, akaanguka ndani ya mnara. Alikuwa ameandika barua tatu kulalamika kwamba reli hiyo inacheza. Muuza kadi alizihesabu kwa vidole mbele yao, na hakuna aliyemkanusha.

Wamemzika wenyewe, hakuwa na ndugu. Miezi mitatu baadaye nikashuka stesheni na mkoba wangu. Walidhani ni yeye, amerudi kudai ile reli.

Mkata tiketi aliniuliza, "Kama si wewe, wewe ni nani?" Nikataja jina langu. Hakuna aliyeonekana kuamini, na nikiwa nalitamka, na mimi niliona kama naazima.

Niambie unachokijua.


2 Agosti

Mdogo wangu,

Barua zako mbili zimefika pamoja. Mama anakohoa kidogo, tumempa dawa. Mbao kavu zimepatikana, ila seremala mwenzangu amejikata kidole, kwa hiyo madawati nimebaki nayo peke yangu.

Kuhusu hayo mengine, watu hufanana. Nilipokuwa kijana nilisalimiwa sokoni na mama mmoja akidhani mimi ni mwanawe. Dunia ina sura chache. Ugeni nao unachosha akili. Rudi. Kila kitu tutazungumza ukishapumzika.

Kaka yako.


14 Agosti

Kaka,

Karani wa ofisi ya mnara amenionyesha jalada la kazi la Bi Ngazi. Amezaliwa siku yangu, mwezi wangu, mwaka wangu, katika mji wetu. Kazi ya baba: mpima barabara.

Usiniandikie tena habari za mbao.


29 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii mara tano, nne nimewashia moto. Wifi yako anadhani naumwa. Nisome mpaka mwisho, halafu ufanye utakavyo.

Mlizaliwa wawili. Baba alikuwa amefariki miezi miwili kabla. Mama alikuwa dobi wa mpima barabara mmoja na mkewe, watu wapole, hawakujaliwa mtoto. Maziwa ya Mama hayakutosha, mlikuwa mnalia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwingine anaanza. Mkataba wa yule bwana ulikuwa unaisha, alikuwa amehamishiwa huko uliko. Wakamwomba Mama mmoja. Baada ya juma zima Mama akakubali.

Aliyetangulia kutoka alikuwa amepewa jina la bibi, huyo ndiye wa kubaki. Mdogo hakupewa jina, ili wale wampe wenyewe.

Siku yenyewe Mama hakuweza. Aliniambia, "Mwanangu, mchukue mdogo, mpeleke, mimi nisione." Akatoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba, uso ukutani. Nilikuwa na miaka tisa. Niliingia chumbani. Mlikuwa mmelala kwenye kanga moja, pua kwa pua. Mama alikuwa anawajua hata gizani. Mimi sikuwa nawajua. Sijawahi kuwajua. Na niliona aibu kumfuata kule nyuma kumuuliza, maana nilimsikia analia.

Nikachukua aliyekuwa karibu na mlango.

Ni hilo tu. Alifumbua macho njiani, hakulia. Nilimkabidhi, yule mama akanipa biskuti, nikazila zote nikiwa narudi. Nimekaa na hilo miaka hamsini na moja. Ninapokuita kwa jina, kila mara, huwa nasita kwanza, kwa sababu huenda namwita mwingine.

Nilikukataza mji huo kwa kuwa niliogopa utakutana naye barabarani. Sikujua ungemkosa kwa miezi mitatu. Nisamehe.

Kaka yako.


24 Septemba

Mdogo wangu,

Sijapata jibu. Stesheni wananiambia treni zinakwenda na kurudi kama kawaida, kwa hiyo si treni.

Nimemwambia Mama yote. Nilidhani atazimia. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchele kwa vidole, akaendelea kuchambua. Akasema, "Nilijua siku ile ile, nilipomweka kifuani. Wa kwanza alikuwa ananyonya huku kashika kidole changu. Huyu alifumba ngumi. Nikakimbia peku hadi nyumba ya bwana. Walikuwa wameondoka mara tu walipompokea."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Ulikuwa mtoto. Ningekuambia nini? Nikampa aliyebaki jina la aliyekwenda. Nikampenda kwa hasira mwaka mzima, halafu hasira ikaisha, mapenzi yakabaki."

Basi wewe ndiwe mdogo. Wewe ndiwe uliyekuwa uende.

Tangu siku hiyo, mlango ukigongwa, Mama ananyanyua uso na kuuliza, "Yupi?"

Tafadhali andika, hata mstari mmoja.

Kaka yako.


10 Oktoba

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua zako zote mbili ninazo, nilizisoma nikiwa nimeketi juu ya kitanda chake, na baada ya hapo kwa siku nyingi kalamu ilikuwa nzito kuliko mkoba.

Nimekwenda kaburini. Pana jiwe dogo na jina walilompa wale wazazi wake, jina zuri. Nililitamka mara kadhaa kuona kama litanikaa. Lilinikaa.

Watu hapa wamegawanyika. Muuza kadi na karani wanajua mimi ni pacha. Mwenye nyumba ananijibu "ndiyo, ndiyo," na bado anarudi nyuma hatua mbili. Mlinzi wa bustani nimemshika mkono, nikamwambia hebu ona, mkono wangu una joto, akasema, "Hata wake ulikuwa na joto."

Juma lililopita alikuja fundi wa mnara. Ni yeye aliyepewa zile barua tatu za reli, akaziweka mfukoni mwa koti la kazi. Alipiga magoti chumbani kwangu, mchana, mlango wazi, watu wanapita koridoni. Akasema, "Nisamehe."

Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi siye. Mimi sikuanguka."

Akasema, "Najua siye. Lakini uso ni huo. Nimwombe nani mwingine?"

Nilitaka kumwinua, mikono ikakataa. Nikamjibu, "Subiri." Nikavaa vile viatu, nikashuka, nikaenda dirisha la tiketi. Mzee wa miwani alinikatia tiketi, na foleni nzima ikanipisha. Nilipanda peke yangu. Ngazi mia mbili na kumi na mbili. Kuna mahali katikati reli ni mpya, chuma bado kinang'aa, na kabla sijapaona mguu wangu ulikuwa umekwisha kuhamia upande wa ukuta, Kaka, wenyewe. Nikasimama hapo, mkono juu ya chuma. Sikusikia sauti yoyote. Ningekudanganya nikisema nilisikia. Nilihisi tu kwamba pale hapakuwa na nafasi ya mtu wa pili kwa sababu wa pili alikuwa ameshasimama.

Juu niliuona mji wote, mto unavyopinda. Miaka ishirini na sita niliuchora ukipinda upande usio wake.

Niliposhuka, wageni walikuwa wamekusanyika chini. Mama mmoja akaniambia, "Ulitutembeza hapa mwaka juzi, mume wangu akiwa hai. Ulimchekesha sana siku ile." Nilifungua mdomo nimsahihishe. Nikamwambia, "Karibu tena." Fundi alikuwa amesimama nyuma yake. Nikamwambia yeye, "Nenda uendelee na kazi. Lakini kila asubuhi uishike ile reli kwa mikono yako miwili kabla mgeni hajapanda." Akaitikia, akaniita kwa jina lake, la Bi Ngazi. Niliitika, Kaka. Ulinikataza, lakini niliitika.

Nawe unaniomba msamaha, na sijui unamwomba yupi kati yetu. Kama ni mimi, mimi uliniachia Mama, na wewe, na nyumba. Sina cha kukusamehe. Kama ni yeye, nimekwishakaa kitandani kwake, nimevaa viatu vyake, nimenywa chai yake, na bado sijui angesema nini. Nikijua nitakuambia. Usiniharakishe.

Nimeandikia shule kwamba nimechelewa. Nafika Alhamisi ijayo kwa treni ya mchana. Usije stesheni. Nikibisha hodi, fungua tu mlango, ukae kando, na usinitaje jina. Acha Mama anishike mikono aniite yeye kwanza.